Adabu za Mawimbini: Bahari Ikisongamana, Nani Atangulie?

Makala ya leo yanatua kwanza Lusail, mji mpya ulioko kaskazini mwa Doha, mji mkuu wa Qatar, kisha yanavuka bahari hadi visiwa vya Hawaii, na hatimaye yanarejea katika pwani ya kusini mashariki ya Unguja. Mada ni mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, pamoja na ndugu yake mdogo, mchezo wa kuteleza majini kwa kuvutwa na tiara. Hata hivyo swali lililomo ndani ya michezo hiyo lina umri mkubwa kuliko michezo yenyewe: pale watu wengi wanapotaka kitu kimoja cha bahari kwa wakati mmoja, nani atangulie na nani asubiri?

Lusail ni mji uliojengwa kwa hesabu. Eneo lake ni kilomita za mraba 38, na wasanifu waliuchora kwa ajili ya watu wapatao 450,000, pamoja na bandari ya mashua za starehe, visiwa vya kutengenezwa na barabara pana yenye minara. Tarehe 18 Desemba 2022, siku ya taifa la Qatar, watu 88,966 waliketi katika uwanja wa mpira wa mji huo kutazama fainali ya Kombe la Dunia, ambapo Argentina iliishinda Ufaransa kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya mabao 3 kwa 3. Umati mkubwa kiasi hicho uliingia na kutoka kwa utaratibu, kwa sababu kila mtu alikuwa na tiketi, na kila tiketi ilikuwa na nambari ya kiti. Bahari iliyo hatua chache kutoka hapo haina nambari za viti. Siku za mapumziko, ambazo huko ni Ijumaa na Jumamosi, maji yale yale hugombewa na waogeleaji, wenye mitumbwi midogo ya plastiki, wapiga kasia waliosimama juu ya mbao, na vijana wa pikipiki za majini ambao kelele zao huwatangulia.

Kwa mpanda mawimbi halisi, lakini, Lusail ni mahali pa kukata tamaa. Ghuba ni bahari ya kina kifupi. Wastani wa kina chake ni kama mita 35 tu, na mlango wake wa Hormuz ni mwembamba na umepinda. Mawimbi makuu yanayosafiri maelfu ya kilomita katika Bahari ya Hindi huishia nje ya mlango huo. Yanayozaliwa ndani ni mawimbi ya upepo wa shamali uvumao kutoka kaskazini magharibi: mafupi, yanayofuatana upesi, yasiyo na mgongo wa kumbeba mtu. Atakaye mawimbi ya kweli katika Bara Arabu huenda Oman, kwenye fukwe za Al Ashkharah na kisiwa cha Masirah zinazotazamana na bahari kuu, ambako kusi hupiga katikati ya mwaka. Wasikilizaji walioko Maskati na Sur wanazijua fukwe hizo vizuri.

Basi walioko Qatar wameugeukia upepo wenyewe. Takriban mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Lusail kuelekea kaskazini uko ufukwe wa Fuwairit, wenye maji ya kina kifupi na mchanga mweupe, ambako mwaka 2023 yalifanyika mashindano ya dunia ya michezo ya tiara. Ni ufukwe wenye historia. Hapo ndipo ulipokuwa makao ya ukoo wa Al Thani kabla ya Mohammed bin Thani kuhamia Doha, katikati ya karne ya 19. Na mwanawe, Sheikh Jassim, anayehesabiwa kuwa mwasisi wa Qatar, aliishi miaka yake ya mwisho Lusail na kufariki huko tarehe 17 Julai 1913. Fuwairit pia ina wenyeji ambao hawajui historia hiyo wala mashindano. Kasa wa aina ya ng'amba hupanda mchangani hapo kutaga mayai, na kila mwaka katika msimu huo, kuanzia mwezi wa Aprili, serikali hufunga ufukwe wao kwa watu wote. Hakuna aliyeandamana kupinga. Inaonekana ni rahisi zaidi kumpisha kasa kuliko kumpisha mtu mwenzio.

Mchezo wa tiara una hatari zake. Kamba zinazomuunganisha mtu na tiara yake hufikia urefu wa mita 20 na zaidi, nyembamba na zenye kukata kama wembe zikikazwa. Tiara mbili zikisokotana hewani, walio chini yake hawana tena usukani. Kwa sababu hiyo wachezaji wamejiwekea kanuni ambazo kila mwanafunzi hufundishwa kabla ya kuruhusiwa kujitegemea. Anayetoka ufukweni hupewa njia na anayerudi, kwa kuwa karibu na nchi kavu ndipo penye hatari zaidi. Wawili wakielekeana, yule aliyetanguliza mkono wa kulia hushika njia yake, na wa mkono wa kushoto humpisha. Wakipishana, aliye upande wa goshini, yaani unakotoka upepo, huinua tiara yake juu, naye aliye demani huishusha yake chini. Na wote hao humpisha mwogeleaji.

Nahodha wa jahazi hataona jipya katika kanuni hizo. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 wa kuzuia vyombo kugongana baharini unasema vivyo hivyo kuhusu vyombo vya matanga: chombo kinachopokea upepo kwa ubavu wa kushoto kikipishe kile kinachoupokea kwa ubavu wa kulia, na vyote viwili vikiupokea kwa ubavu mmoja, cha goshini kikipishe cha demani. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kushika usukani. Aliye goshini ana upepo safi na nafasi ya kuchagua. Aliye demani amebanwa. Mwenye nafasi ndiye apishaye.

Wasikilizaji wapenzi, maji ya Qatar yaliwahi kujaa watu kuliko yanavyojaa leo. Kwa karne nyingi Ghuba iliishi kwa lulu. Mwanzoni mwa karne ya 20, J. G. Lorimer, afisa wa serikali ya Uingereza ya India aliyekusanya habari za nchi za Ghuba, alikadiria kwamba kazi hiyo ilikuwa na watu zaidi ya 70,000. Kila kiangazi, kwa miezi ipatayo minne, majahazi yalitia nanga juu ya miamba ya chaza iliyojulikana kwa jina la hairat, na wazamiaji wakashuka kwa pumzi moja, jiwe mguuni na kibano puani, mara kadhaa wa kadhaa kwa siku. Hairat hizo, kwa ada ya Waarabu wa Ghuba, zilikuwa mali ya pamoja. Jahazi la Doha liliweza kuzamia kando ya jahazi la Dubai au la Bahrain bila kuomba ruhusa, na aliyetangulia kutia nanga hakusogezwa.

Ada peke yake haikutosha. Majahazi mamia kwa mamia yakiwa mahali pamoja, ugomvi wa nchi kavu ulisafiri nayo. Ndipo mwaka 1835 masheikh wa pwani iliyokuja kuwa Falme za Kiarabu walipokubaliana, Waingereza wakiwa wasimamizi, kusitisha vita baharini katika msimu wa kuzamia. Kwenye nchi kavu waliweza kuendelea kupigana wakitaka; juu ya miamba ya lulu, hapana. Mapatano hayo yakawa yanahuishwa, hadi mwaka 1853 yalipofanywa ya kudumu. Qatar iliingia katika utaratibu huo baadaye. Baada ya Doha na Wakra kushambuliwa mwaka 1867, Mohammed bin Thani alitia saini mkataba na Waingereza mwezi Septemba 1868, akiahidi kutotoka baharini kwa nia ya vita. Waingereza walikuwa na maslahi yao katika njia ya kwenda India, na si busara kuwasifu kupita kiasi; lakini kilichotafutwa na masheikh kilikuwa kitu chepesi kukieleza, nacho ni kwamba mtu aliyeko chini ya maji hawezi kujilinda, na mshika kamba yake hawezi kushika bunduki.

Ipo picha nyingine ya hairat hizo, na asiyeitaja hajaeleza ukweli. Miongoni mwa wazamiaji na wavuta kamba walikuwamo watu wa asili ya Afrika Mashariki, waliochukuliwa utumwani na kupitishwa katika pwani ya Waswahili, au watoto wa watu hao. Pato lao liliingia mikononi mwa mabwana zao. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952, na tangu mwaka 2015 nyumba ya kale ya Bin Jelmood, katika mtaa wa Msheireb mjini Doha, imekuwa jumba la makumbusho linaloeleza habari hiyo bila kuificha. Bahari ilikuwa ya wote kwa maana ya wenye vyombo. Aliyekuwa ndani ya maji hakuulizwa. Jambo hilo linafaa kukumbukwa kila panaposemwa kwamba bahari ni ya wote, kauli ambayo wapanda mawimbi wa leo huipenda sana.

Tukio la msingi la mchezo wao ni hili. Wimbi kuu halipasuki kila mahali. Hupasuka pale chini pana mwamba au fungu la mchanga lenye umbo maalumu, likaanza kufunguka kutoka sehemu moja ya juu kwenda pembeni. Sehemu hiyo huweza kuwa na upana wa mita chache tu. Mawimbi mazuri huja kwa makundi, pengine matatu au manne, kisha bahari hutulia kwa dakika kadhaa. Wimbi moja hubeba mtu mmoja. Wakiwa watu watano wakisubiri, kila mmoja hupata haki yake na mazungumzo huwa mazuri. Wakiwa hamsini, walio wengi hurudi nyumbani na hasira.

Kanuni kuu inayotambulika karibu duniani kote ni kwamba aliye karibu zaidi na kilele cha wimbi, mahali linapoanza kupasuka, ndiye mwenye wimbi. Kumwingilia mbele yake ni kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu humkatia njia mtu ambaye hawezi tena kusimama. Kosa la pili ni la ujanja: kumzunguka mwenzio aliyekwisha kusubiri ili kujiweka karibu zaidi na kilele na kudai haki. Kwa maneno ya sheria hakuna lililovunjwa. Kwa maneno ya uungwana ni wizi wa foleni. Anayerudi kilindini apite pembeni, si katikati ya njia ya anayeteleza. Na akikosa pembeni, avumilie kupigwa na povu. Asiuachie ubao wake. Ubao wa fibaglasi wenye urefu wa mita mbili na mapezi makali chini yake ni silaha, na hata kamba ya kuufunga mguuni, iliyoanza kuenea mwanzoni mwa miaka ya 1970, haikuondoa hatari yote. Jack O'Neill, Mmarekani aliyejulikana kwa mavazi ya mpira ya kuingilia maji baridi, alipoteza jicho lake la kushoto mwaka 1971, ubao uliporudishwa na kamba ya namna hiyo.

Kwa nini mawimbi yamejaa? Filamu ya Gidget ya mwaka 1959 ilizijaza fukwe za Malibu, California, vijana ambao mwaka mmoja kabla hawakujua ubao ni nini. Mwaka 1985 huko huko California ilianzishwa huduma ya simu ya kutabiri mawimbi, na kizazi chake cha intaneti chenye kamera kimeondoa siri yote: wimbi zuri likipiga alfajiri, mji mzima unalijua kabla ya kifungua kinywa. Mchezo umeingia katika Olimpiki, kwanza katika michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, kisha mwaka 2024 huko Teahupo'o, Tahiti. Katika mashindano waamuzi huamua nani ana haki ya kwanza, na anayemwingilia mwenzie hukatwa alama. Siku za kawaida hakuna mwamuzi.

Kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu ni cha Hawaii, nyumbani kwa mchezo huu, ambako wafalme na raia waliteleza juu ya mawimbi kwa karne nyingi kabla ya merikebu za Wazungu kufika. Katikati ya miaka ya 1970 walifika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Oahu vijana kutoka Australia na Afrika Kusini. Walikuwa hodari, nao walishinda mashindano. Kosa lao halikuwa majini. Mmoja wao, Wayne Bartholomew wa Australia, aliandika makala katika jarida la Marekani la wapanda mawimbi, akijigamba kwamba wao ndio walioubomoa mlango. Wenyeji waliisoma makala hiyo. Hawaii ilikuwa imekwisha kupoteza ufalme wake mwaka 1893 na ardhi yake nyingi. Kwa vijana wa pale mawimbi yalikuwa kitu cha mwisho kisichokuwa na hati ya mgeni. Bartholomew aliporudi mwishoni mwa mwaka 1976 alipigwa majini, akalazimika kujificha, na vitisho vikawafuata wenzake hadi mahali walipolala.

Aliyezima moto huo alikuwa Eddie Aikau, Mhawaii, mlinzi wa waogeleaji katika ghuba ya Waimea, mtu aliyeingia kuokoa watu katika mawimbi ambayo wengine waliyatazama kwa mbali. Aliwaita wageni na wenyeji katika hoteli moja ya hapo, akaketi kama mzee wa baraza, na kuwafanya wageni wasikie kwa masikio yao namna maneno yao yalivyowaumiza watu. Waliomba radhi. Baada ya hapo waliruhusiwa kuendelea kushindana, nao waliendelea wakiwa na ndimi fupi zaidi. Bartholomew akawa bingwa wa dunia mwaka 1978. Aikau hakuuona ushindi huo: mwezi Machi mwaka huo mtumbwi wa Hokule'a, aliosafiri nao kufuata njia za kale za mababu, ulipinduka usiku, naye akaondoka juu ya ubao wake kwenda kutafuta msaada kwa ajili ya wenzake. Wenzake waliokolewa, yeye hakuonekana tena.

Inafaa kuangalia kilichompa Aikau mamlaka hayo. Hakuwa na cheo cha serikali cha kuamua ugomvi, wala hakuwa mwenye nguvu za mkono kuliko wote. Kila aliyekuwa mezani alijua kwamba siku akizama, mtu atakayemfuata ni yule aliyeketi mbele yake.

Ulinzi wa wenyeji wasio na mtu wa aina hiyo huoza upesi. Katika ghuba ya Lunada, kusini mwa Los Angeles, kikundi cha watu wa mtaa wa kitajiri kiliwafukuza wageni kwa miongo kadhaa kwa mawe, matusi na kuharibu magari yao, hadi mwaka 2016 kesi ikafunguliwa katika mahakama ya shirikisho, na banda la mawe walilojijengea chini ya genge likabomolewa. Hao nao walisema wanalinda heshima ya mahali. Kidai hicho kina sauti ya Hawaii, lakini hakina mizizi yake: watu wenye nyumba za mamilioni ya dola hawakuwa wakilinda kitu cha mwisho walichobakiwa nacho.

Ghuba imeleta jawabu lake, nalo ni fedha. Huko Al Ain, katika Falme za Kiarabu, tangu mwaka 2012 lipo bwawa lenye mashine ya kutengeneza mawimbi jangwani, na mwaka 2024 katika kisiwa cha Hudayriyat, Abu Dhabi, lilifunguliwa bwawa kubwa zaidi la maji ya chumvi lililobuniwa na kampuni ya bingwa wa Marekani, Kelly Slater. Mashindano ya ligi ya dunia yalifanyika hapo Februari 2025. Wimbi hutoka kwa saa, moja kwa mtu mmoja, kwa aliyelipia. Hakuna wa kumwingilia, hakuna ugomvi, na hakuna haja ya kumjua jirani. Ni uwanja wa mpira wa Lusail ulioletwa majini: kila mtu na nambari yake. Wanaolalamika kwamba bahari imejaa wanapaswa kukiri kuwa hilo ni suluhisho linalofanya kazi. Wasichokubaliana ni kama bado ni bahari.

Pwani ya Waswahili haikuwa na mashine wala mahakama ya mawimbi, lakini ilikuwa na ago. Wavuvi wa Pemba, Unguja na Mrima kwa muda mrefu wamehama na pepo, wakaenda kupiga kambi katika fukwe zisizo zao, huko Kenya na kwingineko, kwa miezi kadhaa. Waliita kambi hizo ago, au dago. Mgeni wa ago hakushusha nyavu kabla ya kujitambulisha. Alikwenda kwa wazee wa kijiji, akasema ametoka wapi, anavua kwa zana gani na atakaa muda gani. Aliruhusiwa au alikataliwa, na akiruhusiwa alitarajiwa kuwakumbuka wenyeji kwa samaki. Mabadilishano hayo hayakuwa kodi tu. Yalimfanya mgeni ajulikane kwa jina, na mtu anayejulikana kwa jina hawezi kuharibu mwamba usiku na kuondoka asubuhi bila habari kumfuata.

Sasa hivi mgeni mpya wa pwani hiyo ni tiara. Kijiji cha Paje, kusini mashariki mwa Unguja, kina kile ambacho wapenda upepo hukitafuta duniani kote: maji mafupi yaliyotulia ndani ya mwamba, mchanga laini, kusi kuanzia Juni hadi Septemba na kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi. Tangu miaka ya 2000 shule za tiara zimeongezeka hapo, na katika siku zenye upepo mzuri anga ya Paje hujaa rangi kama kanga zilizoanikwa. Ni ajira kwa vijana wengi, na baadhi yao wamekuwa waalimu stadi kuliko wageni wanaowafundisha.

Lakini maji hayo hayakuwa matupu. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na Paje ilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza. Wakulima wake walio wengi mno ni wanawake. Mama hupigilia mambo mchangani maji yakiwa yamekupwa, akakaza kamba kati ya mambo hayo, akafunga vichipukizi vya mwani kimoja kimoja, na baada ya majuma kama sita akavuna, akaanika na kuuza. Kwa wengi hiyo ilikuwa fedha ya kwanza kuimiliki wenyewe, na nyumba za mawe na ada za shule zimetoka ndani ya maji hayo. Bei imekuwa ndogo siku zote. Aidha bahari imepata joto, na aina ya mwani iitwayo kotoni, yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikifa katika maji mafupi; wataalamu kama Dakta Flower Msuya wa Zanzibar wamekuwa wakihimiza kilimo cha kina kirefu na kusindika mwani kuwa sabuni na bidhaa nyingine. Mama mwenye hasara hizo mbili hana nafasi ya kuvumilia ya tatu, yaani pezi la ubao likipita juu ya kamba zake.

Kanuni za tiara zilizotajwa hapo mwanzo hazimtaji mama huyo. Zinamjua aliye goshini na aliye demani, anayetoka na anayerudi, na mwogeleaji. Hazimjui mtu aliyeinama maji yakiwa magotini akifunga mwani, ambaye si mchezaji wala mwogeleaji, na ambaye shamba lake, maji yakijaa, halionekani. Hapo ndipo adabu iliyoandikwa ufukwe mwingine inapohitaji kufasiriwa upya na watu wa mahali. Mwalimu wa Paje anayemwambia mwanafunzi wake kutoka Ulaya, kabla ya kumfunga tiara, kwamba vile vijiti ni shamba la mtu, na mtu huyo anaitwa Bi fulani, amefanya kazi ya mzee wa ago. Asiyesema anamwacha mgeni aamini kuwa vijiti ni takataka za bahari.

Mipaka inayoonekana, kwa maboya au bendera, husaidia, na kamati za shehia zina uwezo wa kuiweka kuliko hoteli moja moja. Ila mwezi umekwisha kugawa sehemu kubwa ya kazi hiyo. Katika pwani hiyo, siku za bamvua, maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri. Asubuhi mwamba wote ni wa kina mama, na hata mtu akitaka kuteleza hana maji ya kumbeba. Alasiri kamba ziko chini sana, na pezi haliwezi kuzifikia. Ugomvi hutokea baina ya hapo, katika saa ambazo maji yanapanda au kushuka na kamba ziko chini kidogo tu ya uso wa bahari, na pia siku za maji mafu, ambazo bahari haikupwi vya kutosha kumruhusu mkulima kufanya kazi wala haijai vya kutosha kumficha mwani wake. Kalenda ya mwezi wanayo kina mama wa Paje vichwani mwao, na majedwali ya maji kupwa na kujaa yamebandikwa ukutani katika shule za tiara. Ni hesabu ile ile, na saa zinazogombewa hazifiki nyingi kwa siku.